Nani Abaki, Nani Aende: Tathmini Yangu ya Kisayansi

Jumatatu, 4 Mei

Siku kubwa! Mwenyekiti kanikabidhi hatima ya timu. Hakusema kwa maneno hayo, lakini mimi najua kusoma uso wa mtu. Kaniita ofisini kwake, kule kiwandani, katikati ya magodoro yake. Kasema timu ina pointi tisa katika mechi kumi na tisa. Ya pili kutoka mkiani. Na bado ina wakubwa wanne waliojaa benchini huku wachezaji wa akiba wanakaa kwenye nyasi. Zimebaki mechi tatu za kiporo, zile zilizoahirishwa uwanja ulipojaa maji. Zikiisha, wakubwa wawili wabaki, wawili wakatafute shughuli nyingine. Akauliza kama nina wazo la namna ya kuwachagua bila majungu.

Mimi! Kuulizwa kama nina wazo! Niliishia darasa la saba, ni kweli, lakini darasa la saba la enzi zetu lilikuwa chuo. Na nimeshafika nchi tatu, moja kwa kupita tu.

Wakubwa wenyewe ni hawa. Kocha Mkuu, mtu anayepuliza filimbi hata akitaka chumvi. Kocha Msaidizi, tunamwita Mwalimu Mdogo, kijana mpole, anaongea kama mtu aliyeingia wodini. Msemaji wa Timu, tai nyekundu, kipaza sauti mkononi, adui yangu. Na mimi, Mkurugenzi wa Mikakati, cheo nilichokibuni mwenyewe na kukipitisha mwenyewe siku wenzangu walipochelewa kikaoni.

Wazo langu likaja papo hapo. Kila mechi, mkubwa abaki nyumbani. Timu ikishinda bila yeye, hana kazi, aende. Ikifungwa, basi alikuwa nguzo, abaki. Sayansi tupu! Mwenyekiti akakuna kidevu, akasema hajawahi kusikia jambo kama hilo tangu azaliwe. Nikamshukuru. Akaniambia nipange ratiba.

Nimeipanga kabla chai haijapoa. Jumatano tunacheza na timu ya maseremala, hao wa mkiani kabisa, hata paka wetu angewafunga. Msemaji abaki nyumbani. Tutashinda, na ile tai itakwenda na maji. Jumamosi ni timu ya walimu, saizi yetu. Wabaki Kocha Mkuu na Mwalimu Mdogo. Jumatano inayofuata ni vinara wa ligi, waliotupiga saba mara ya mwisho wakiwa wamechoka. Hapo nibaki mimi. Kila goli tutakalofungwa litakuwa barua ya sifa kwangu!

Mama Watoto kaisoma ratiba akiwa amesimama. Kaniuliza kama Mwenyekiti hajui kuhesabu vidole. Nimempuuza. Wanawake hawapendi sayansi.

Jumanne, 5 Mei

Mwalimu Mdogo kaja nyumbani, macho mekundu. Mkewe kajifungua mapacha wiki tatu zilizopita. Hajalala. Kaniomba, Kaka Mkubwa, kama kuna mlango wowote wa kubakia, nimwonyeshe tu, ataingia mwenyewe. Nikaangalia pembeni nikajidai nafuta miwani. Mimi ni mgumu kwa nje, ndani ni uji.

Nikamtoa Jumamosi, nikamweka siku yangu, ile ya vinara. Kichapo kile kitatosha kuwaokoa watu wawili. Ajabu, hakufurahi. Kasema siku hiyo hasa angependa awepo, kuna kona anawafundisha vijana kwa ajili ya wale vinara, maana mabeki wao wote humwangalia mchezaji wetu mrefu peke yake. Nikamwambia mdogo wangu, ukiwa na kaka mwenye akili, nenda kalale. Akaenda. Sijui kama alilala.

Jumatano, 6 Mei

Aibu. Maseremala wametupiga tatu kwa moja.

Hadi mapumziko tulikuwa mbele, moja bila. Kawaida mapumziko huliwa yote na Msemaji na kipaza sauti chake, mimi sipati hata dakika. Leo hayupo. Nikashika ubao. Nikachora mishale kumi na minne. Beki wa kushoto akauliza kama ule mshale ni yeye au ni mpira. Nikamjibu ni vyote viwili, inategemea. Mama Jezi, mtunza vifaa wetu, akawa anakunja soksi huku anatikisa kichwa. Kipindi cha pili wachezaji watatu wakakimbilia kona moja, wakagongana.

Wachezaji wetu hawana elimu ya mishale. Hilo ndilo tatizo.

Mwenyekiti katoa karatasi, kaandika: Msemaji, nguzo. Abaki. Jioni Msemaji kanipigia simu, kasema amesikia bila yeye nyumba imeanguka. Kanishukuru kwa kumpangia siku nzuri. Nikakata simu. Akapiga tena akashukuru tena.

Jumamosi, 9 Mei

Sare. Bila kwa bila. Sayansi yangu haikuwa na kifungu cha sare.

Kocha Mkuu alikuwa nyumbani, kwa hiyo benchi lilikuwa langu. Bahati mbaya mwamuzi ni mtu asiyependa ushauri. Dakika ya nane kanionyesha kadi nyekundu, nikamalizia mechi nje ya ukuta, juu ya tofali. Mwalimu Mdogo kaongoza timu peke yake. Niliona vichwa tu, lakini vilikuwa vinakwenda vizuri.

Mwenyekiti kauliza sare maana yake nini. Nikafikiri haraka. Nikasema sare maana yake Kocha Mkuu hadhuru wala hafai, kama kile kifungo cha ziada kinachoshonwa ndani ya shati. Mwenyekiti kacheka mpaka kakohoa. Kaandika alama ya kuuliza. Kumbe hata nikiwa juu ya tofali natoa huduma.

Jumatano, 13 Mei

Siku ya vinara. Nimebaki nyumbani kama sheria yangu inavyotaka. Nimevaa skafu ya timu, nimepiga magoti, nimeomba tufungwe. Si saba. Saba ni uchoyo. Nne zingetosha.

Mama Watoto kanikuta chini, kauliza naomba nini. Nikasema amani duniani. Kasema Baba Watoto, amani duniani haiombwi na skafu shingoni.

Saa kumi na moja na nusu simu. Mama Jezi, anapiga kelele kama kaibiwa. Tumeshinda! Mbili bila! Magoli yote mawili yametokana na kona ile ya Mwalimu Mdogo. Yule mrefu kakimbia kushoto, beki zote zikamfuata kama vifaranga, mfupi kabaki peke yake golini, kichwa, wavuni. Mara mbili! Kocha Mkuu kapuliza filimbi kwa furaha, mwamuzi akadhani ni yake, mpira ukasimama dakika tatu. Nikamuuliza Mama Jezi, kwani hamkukosa kitu kwa kutokuwepo kwangu? Kafikiri. Kasema ubao ulibaki safi.

Nikakaa. Tumeshinda bila mimi. Kwa hiyo mimi sina kazi. Sawa, pigo. Lakini Mwalimu Mdogo naye hakuwepo! Kwa hiyo naye hana kazi! Mimi niliyemhamisha kwa mkono wangu na kalamu yangu!

Simu tena. Ni yeye. Nikajiandaa kutukanwa. Hakutukana. Analia kwa furaha. Kasema Kaka Mkubwa, kona imeingia mara mbili! Nyuma yake nilisikia watoto wawili wanalia kwa zamu. Hajaelewa kwamba ile kona ndiyo imemfukuza kazi. Nikampongeza. Sauti yangu ilikatika. Nikasingizia mtandao.

Alhamisi, 14 Mei

Sikulala. Asubuhi nimekwenda kiwandani bila hata kuchana nywele.

Mwenyekiti alikuwa ameshaandika. Wanaobaki: Msemaji na Kocha Mkuu, kwa alama ya kuuliza. Akaniambia niketi. Kiti hakipo, kuna godoro la maonyesho. Nikaketi, nikazama mpaka magoti yakanifika kidevuni. Ni vigumu sana kuungama ukiwa huko chini.

Nikaungama. Ratiba niliipanga kwa hila. Msemaji nilimpangia wachovu ili aondoke, mimi nikajipangia vinara ili nibaki. Na kijana nilimwingiza siku yangu kwa huruma. Ile kona ni yake, mapacha ni wake, dhambi ni yangu. Mwenyekiti akauliza, yaani mtu pekee aliyekuwa na dawa ya vinara, wewe ndiye uliyemfungia nyumbani siku ya vinara? Nikasema ukiliweka hivyo linasikika vibaya.

Akampigia Mama Jezi kuhakikisha. Naye akathibitisha. Akaongeza na mishale kumi na minne, ambayo hakuna aliyemuuliza.

Uamuzi. Mwalimu Mdogo ndiye Kocha Mkuu kuanzia leo. Kocha Mkuu wa zamani anahamia kiwandani kusimamia zamu, huko filimbi ina matumizi. Msemaji anabaki. Mimi, unga umemwagika. Mwenyekiti akanipa mkono anivute kutoka kwenye godoro. Ilibidi aite mtu wa pili.

Mchana Msemaji kapita mtaani na kipaza sauti kuwatangazia mashabiki mabadiliko. Mbele ya nyumba yetu karudia mara tatu. Mwalimu Mdogo kaja jioni na mapacha wote wawili, kanipakatisha. Mmoja kanitapikia skafu.

Mama Watoto kanimiminia chai bila kuombwa. Kasema leo kwa mara ya kwanza nimefanya mkakati unaoeleweka.

Ijumaa, 15 Mei

Nimeamka na akili mpya kabisa!

Nimepiga hesabu. Mimi nikiwepo mapumziko: kichapo. Nikiwa nje ya ukuta: sare. Nikiwa nyumbani: ushindi dhidi ya vinara! Kadiri ninavyokuwa mbali ndivyo timu inavyopanda. Hii ni nguvu, na nguvu kama hii haiachwi ikae bure. Je, wapinzani wakinichukua, nikaanza kutokuwepo kwao?

Nimemwandikia Mwenyekiti barua ya kurasa mbili. Naomba cheo cha Mkurugenzi wa Kutokuwepo. Kazi zangu: kubaki nyumbani kila mechi, kwa bidii na uaminifu. Mahitaji yangu ni madogo: kiti kimoja benchini, kitupu, chenye jina langu mgongoni kwa herufi kubwa, ili wapinzani waone vizuri ni nani hayupo.

Mama Watoto kasoma akiwa amesimama. Katoka nje kuanua nguo ambazo hazijakauka.

Ligi inaanza tena kesho. Nimeshaiandaa suti. Lazima nifike uwanjani saa moja kabla, nihakikishe kile kiti wamekiweka sawasawa, na kama vijana bado wako chumbani, niwaeleze kwa ufupi, kwenye ubao, jinsi ya kucheza nikiwa sipo.