Gauni la Madamu Vaubrun

Kwenye mkahawa ulioko mkabala na mlango wa nyuma wa jumba la mitindo la Aubertin, Paris, Gaspard Loiselet alikuwa anakunywa kahawa ya pili na kusikiliza mambo yasiyomhusu. Ndiyo ilikuwa kazi yake. Wengine wana ofisi, yeye alikuwa na masikio.

Meza ya jirani walikaa mafundi wawili wa kike, makoti meupe, wanakula mkate na jibini haraka haraka.

"Gauni la Madamu Vaubrun limeisha," alisema mmoja. "Kesho saa tisa dereva wake anakuja kulichukua."

"Afadhali. Vidole vyangu vimekuwa kama chujio."

"Elfu tisini, mwenzangu."

"Elfu tisini. Na mimi kodi ya chumba inanitoa roho."

"Halafu linatoka hivihivi, hata risiti hakuna. Pale juu ukitaja hela ni kama umejamba kanisani."

Gaspard akaweka kikombe chini taratibu, kama mtu aliyeona ndege adimu na hataki aruke.

Euro elfu tisini, ndani ya boksi, zinakabidhiwa kwa yeyote mwenye kofia ya udereva. Gaspard alikuwa na miaka hamsini na mbili. Polisi wa stesheni zote kubwa za treni walishaijua sura yake, maana huko ndiko alikokuwa anauza saa za dhahabu ambazo hazikuwa na dhahabu, na zingine zikifunguliwa hazikuwa hata na saa. Akiba yake ya miaka mitatu ilikaa kwenye kopo la kahawa. Alitaka kuhamia Nice, pwani ya kusini, akae kwenye benchi, alishe njiwa kama mtu mwenye pensheni. Jioni ile akalimwaga kopo lote: gari jeusi la kukodi, suti, kofia, glavu nyeupe. Dili hili likibuma, ni stesheni mpaka meno yaishe.

Kesho yake saa nane na nusu alikuwa ameshasimama kwenye karakana ya juu, kofia mkononi, uso wa huzuni kidogo kama madereva wote wa matajiri.

"Wewe si yule wa siku zote," alisema Bibi Perrine Goulard, mkuu wa mafundi. Mama wa miaka sitini hivi, tepu shingoni, miwani imefungwa kwa mnyororo.

"Mwenzangu ana mafua, madamu. Wameona asije akalipigia chafya gauni."

Bibi Perrine akamwangalia viatu. Akaviangalia muda mrefu mno.

"Unaendesha taratibu?"

"Kama nabeba mayai."

"Mayai yakivunjika unanunua mengine. Hili lina masaa mia tisa ndani yake. Wanawake kumi na mmoja. Usilikunje, usililaze kifudifudi, usivute sigara karibu yake."

Wakalifunga kwenye karatasi laini, tabaka juu ya tabaka, wakalilaza kwenye boksi refu, na mafundi wawili wakalisindikiza hadi kwenye gari. Kuna marais waliozikwa kwa heshima ndogo kuliko ile.

Saa kumi Gaspard alikuwa sokoni kwa wauza mitumba, dukani kwa Zélie, mama mnene aliyenunua vitu bila kuuliza vimetoka wapi. Zélie alilitoa gauni. Bluu nzito, shanga ndogo zimemwagwa kuanzia bega moja mpaka chini kama mvua ya upepo. Hakuliangalia nje hata kidogo. Aligeuza ndani, akavaa miwani, akafuata mshono kwa kidole.

"Mungu wangu," akasema. "Ona hii mishono. Hata mahali ambapo hakuna jicho litakalofika."

"Unatoa ngapi?"

"Sitoi kitu."

"Zélie, usinichezee. Elfu tisini hiyo."

"Elfu tisini kwa mtu mmoja, Gaspard. Hebu shika hapa. Bega la kushoto limejazwa, la kulia halijajazwa. Nyonga hii iko juu kuliko hii, vidole viwili. Mgongo umekatwa mshazari. Hii si nguo, kijana wangu, huyu ni mtu. Mvalishe mwingine uone."

Gaspard hakuamini. Mtu aliyemwaga akiba yake yote haamini kirahisi. Akamwita Ghislaine, mwimbaji wa baa, umbo lake lilikuwa linasimamisha magari. Ghislaine akatoka nyuma ya pazia ana kibyongo.

"Nimepata ajali?" akauliza, anajitazama kwenye kioo.

Akajaribu kwa mama anayelinda jengo lao, akawa kama sofa lililofunikwa shuka. Alhamisi, akiwa hana tena haya, akamvalisha binamu yake Fabien, fundi bomba. Kusema haki, Fabien ndiye aliyependeza kuliko wote, lakini hakuwa na elfu tisini.

"Basi nitalichanachana niuze shanga," Gaspard alimwambia Zélie.

"Lichane. Halafu usikanyage hapa tena. Kuna wizi, na kuna ushenzi."

Kwa hiyo, jiji zima lenye mamilioni ya wanawake, mteja alikuwa mmoja tu, na alikuwa ndiye mwenye mali. Gaspard akaitafuta namba yake, akampigia simu.

"Madamu Vaubrun, mimi ni raia mwema. Nimeokota gauni."

"Umeokota," sauti ikajibu, tulivu kabisa. "Wapi?"

"Barabarani. Watu wanadondosha vitu vingi mjini hapa."

"Na raia mwema anataka nini?"

"Shukrani tu, madamu. Kama elfu thelathini hivi. Taslimu."

Gaspard alisikia kijiko kinakoroga chai.

"Kesho Ijumaa usiku nina sherehe kwenye jumba la Opera. Tuonane saa kumi na moja, ukumbi wa chai wa hoteli iliyo mtaa wa nyuma yake. Nitachukua chumba juu. Nitalijaribu kwanza. Nguo hainunuliwi bila kujaribiwa."

Ombi la haki kabisa. Gaspard mwenyewe asingenunua suruali bila kuijaribu.

Ijumaa alifika mapema, boksi kwenye kiti cha pembeni, akaagiza chai. Ukumbi ulijaa wake za watu wenye lulu. Madamu Vaubrun aliingia saa ileile aliyosema. Mwembamba, miaka sitini na kitu, koti la kijivu, fimbo. Mwili wake ulikuwa umepinda upande mmoja, kama mtu anayesikiliza kitu kilichoko sakafuni. Kila hatua alikuwa kama anataka kuanguka halafu anaghairi. Wanawake wenye lulu walimtazama mara moja, wakarudi kwenye keki zao.

"Hela," Gaspard alisema kwa adabu.

Madamu akampa mkoba wake. Mkoba mzito, umetuna.

"Kaa nao mapajani. Nikishuka nitaufungua mbele yako. Au unaogopa bibi mwenye fimbo atakukimbia?"

Gaspard akacheka. Mhudumu akabeba boksi, lifti ikapanda nao.

Dakika ishirini. Gaspard aliupapasa mkoba, akawaza njiwa wa Nice. Atawapa majina.

Halafu vichwa vyote ukumbini vikageuka.

Alikuwa anashuka ngazi. Bila fimbo. Alikuwa amenyooka, si kama askari, bali kama moto wa mshumaa pale upepo unapotulia. Pale alipopungua, gauni lilijazia; pale alipozidi, gauni lilijifanya halijui. Zile shanga zilianguka kutoka bega lake baya mpaka chini, na ghafla lile bega ndilo likawa zuri, mabega ya wengine wote mle ndani yakaonekana yamekosewa. Mwanamke mmoja aliacha uma hewani. Mwingine akaanza kupiga makofi. Gaspard alijikuta amesimama, mkoba kwapani, naye anapiga makofi, hajui kwa nini.

Madamu Vaubrun akapita mbele yake, akamwinamishia kichwa kama malkia anavyomsalimu mtunza bustani, akatoka nje, akapanda gari, gari likaondoka.

Gaspard aliendelea kupiga makofi kidogo. Kisha akakaa, akafungua mkoba. Karatasi laini, tabaka juu ya tabaka, mpaka chini, na chini kabisa kitabu cha simu cha zamani kwa ajili ya uzito.

Angepiga kelele. Lakini apige kelele gani? Mwizi?

"Hiki kiti kina mtu?" Bibi Perrine Goulard alikuwa ameshakaa. Pini bado zimechomekwa kwenye kola. "Mimi ndiye niliyekuwa juu namfunga vifungo. Nimiminie chai."

Gaspard akamimina.

"Polisi wako wapi?"

"Wangelifungia gauni kwenye kabati la ushahidi miezi sita. Sherehe ni leo."

"Lakini angenilipa hata kidogo. Ametoa tisini, thelathini zinamshinda?"

"Nani ametoa tisini?" Bibi Perrine akakoroga sukari. "Yule mama hajawahi kutulipa hata senti, mwaka wa kumi na moja huu. Hela za marehemu mumewe ziliisha kitambo. Anaishi vyumba viwili, dereva wake ni mpwa wake. Tunamshonea bure. Gauni likimnyoosha yule mama, kila mwanamke ukumbini anajiuliza lake litamfanya nini yeye. Hao ndio wanaolipa."

"Kwa hiyo nimeiba kitu cha bure," Gaspard alisema polepole. "Hakina thamani."

"Sasa wewe ulikuwa unapiga makofi ya nini?"

Kivuli kikaangukia meza. Wanawake wanne wenye lulu.

"Samahani, bwana. Yule mama alikuwa mezani kwako. Lile gauni, nani amelishona?"

Gaspard akasimama. Hakuamua, mtu akimuuliza kuhusu bidhaa, miguu yake husimama yenyewe. Na mdomo ukafunguka. Akawaeleza masaa mia tisa, wanawake kumi na mmoja wenye vidole vilivyotobolewa kama chujio, mishono iliyopigwa mahali ambapo hakuna jicho litakalofika. Akaapa kwamba mrembo kuliko wote wa mtaani kwake angelivaa angeota kibyongo. Akawaambia hiyo si nguo, ni mtu. Mmoja alitoa leso. Wote wanne wakatoa kadi zao, na Gaspard akazipokea kwa mikono miwili kama noti mpya.

Walipoondoka, kiganja cha Bibi Perrine kilikuwa kimefunguka juu ya meza.

"Lete."

"Na kamisheni yangu?"

"Kamisheni yako ni kwamba simu yangu bado iko mfukoni."

Akampa. Bibi Perrine akazihesabu, akazitia kwenye koti, akamaliza chai yake bila haraka, akaondoka.

Gaspard alibaki na bili ya chai na gari la kukodi ambalo saa zake zilikuwa zimepita. Tangu akiwa mtoto hakuwahi kusema kweli dakika kumi mfululizo. Leo alikuwa amejaribu, ameuza magauni manne, na malipo yake ndiyo hayo.