Malalamiko Kuhusu Kuzuiwa kwa Ngozi Zangu za Mbuzi

Kwa Daktari Ralitsa Pashova,
Mganga wa Mifugo wa Wilaya.

Mheshimiwa Daktari,

Pokea salamu na heshima tele. Anayekuandikia ni Stamat Kerezov wa Dolna Breza, yule mwenye sharubu aliyekukatiza mara kwa mara pale ukumbini, kwenye mkutano wako. Ujue mapema kwamba unaandikiwa na mtu mwenye bahati kuliko wote katika milima ya Strandzha. Nimeendesha lori mpaka Hamburg na Valencia bila kupata pancha. Shule niliiacha darasa la saba kwa makubaliano ya pande zote mbili, na bado najua kutukana kwa lugha sita. Na ng'ombe wangu Malinka, tangu azaliwe, hajapiga hata chafya. Magonjwa yakifika langoni kwangu husoma jina yakageuka.

Basi, kama mtu asiye na shida yoyote binafsi, naleta malalamiko kuhusu vita vyenu dhidi ya ugonjwa wa miguu na midomo.

1. Lile zulia. Mmetandika darajani zulia lililolowa dawa, na kila apitaye lazima alikanyage. Nililikanyaga na viatu vyangu vya Valencia, sasa vina rangi ya ini lililochemshwa. Hilo nimewasamehe. Lakini ofisa wenu wa zamu akataka na punda wangu akanyage. Nikamweleza kwa upole kwamba ugonjwa huu ni wa wenye kwato zilizopasuka, yaani ng'ombe, kondoo, mbuzi na nguruwe, na punda kwato yake ni nzima. Akanijibu kwamba punda haugui ila anaubeba kwenye matope ya kwato, kama mimi ninavyoubeba kwenye viatu. Daktari, mimi kufananishwa na punda nimezoea, mke wangu Yonka hunifananisha kila siku. Punda ndiye hajazoea kufananishwa na mimi. Siku ile alisusa nyasi.

2. Kirusi chenyewe. Ulisema hakionekani, na kwamba kinasafiri kwa mate, kwa maziwa, kwa samadi, kwa magurudumu, hata kwa upepo. Mimi mpakani mwa Hungaria nimekaa kwenye foleni na shehena ya nyanya mpaka zikawa supu. Hicho kinapitaje bila karatasi? Naomba serikali ikilazimishe kupanga foleni kama sisi wengine. Kwa ninavyoijua foleni ile, kitakufa kabla ya kufika dirishani.

3. Sheria ya kuua. Akipatikana mgonjwa mmoja, zizi zima linauawa na kuzikwa, wazima kwa wagonjwa. Mkiitumia sheria hiyo kwenye halmashauri yetu, hatabaki hata mtu wa kufungua ofisi. (Majirani wameniomba niseme kwamba hili la halmashauri ni pendekezo, si lalamiko.)

4. Hapa ndipo panaponiuma. Mmepiga marufuku ngoma yetu iitwayo kukeri. Tangu enzi za babu wa babu yangu, baridi inapoelekea mwisho, wanaume tunavaa ngozi za mbuzi na vinyago vya pembe, tunajifunga kengele kiunoni, tunaingia ua kwa ua, zizi kwa zizi, kufukuza balaa. Sasa balaa limefika bonde la jirani, nanyi mnawafungia ndani wafukuzaji wake. Nyumba inaungua, mnawakamata wazima moto. Ngozi zangu hazijafuliwa tangu babu azishone, maana nguvu imo humo. Jumapili kabla ya iliyopita nilizivaa kwenye tamasha huko ng'ambo ya bonde, nikaruka katikati ya ng'ombe wa wenyeji wangu mpaka nikavishwa shada. Kwamba siku chache baadaye ng'ombe hao walianza kutoa mate na kuchechemea, hilo ni kosa lao: walichelewa kunialika.

Nilipokueleza haya ukumbini, ulivua miwani ukasema, "Mzee Stamat, mnafukuza shetani mmoja mlangoni, na mwenzake mmembeba mgongoni ndani ya manyoya." Watu wakacheka. Nami nikacheka, ila rakia, pombe yetu kali ya matunda, siku ile haikuteremka vizuri.

5. Bibi Trendafila. Jirani yangu huyu ni mjane, ana kondoo wake, na zaidi ya hao hana mtu. Kila mmoja ana jina, na akiwakamua huwapa habari zote za kijiji, nyingine hata mimi sijazisikia. Kila Jumamosi alikuwa akinikatia kipande cha jibini. Tangu mkutano wako amefunga lango kwa mnyororo, kamwaga chokaa kizingitini, mbwa kamfunga, na mimi tunasemeshana juu ya ukuta. Nilimwomba anifungulie nimchezee zizi kidogo tu. Akasema, "Stamat mwanangu, nakupenda na wazimu wako, lakini ukiyaleta hayo manyoya humu nitakutwanga na mwiko. Hawa wakiondoka, asubuhi nitamsalimia nani?" Ona mlivyouvuruga ujirani.

Kwa sababu hizo, naomba kibali cha kucheza katika mazizi yote ya wilaya, yakiwamo ya serikali, pamoja na gari, dereva na rakia ya njiani. Nikimaliza kazi, ugonjwa utakimbilia baharini, na samaki hawana kwato.

Yonka amesoma mpaka hapa. Hakunitukana, jambo lisilo la kawaida. Ameniwekea mkono begani akaniambia niandike na lile jingine. Nimemwambia karatasi imeisha.

Nisalimie wote ofisini, mumeo, mama yako na viungo vyake vinavyouma, na ofisa wa darajani, mwambie punda amemsamehe.

Wako mtiifu inapowezekana,
Stamat Kerezov

Tanbihi. Haya yote nimeyaandika nikiwa kwenye kigoda cha kukamulia, mgongo nimempa Malinka, ili nisiuone mdomo wake. Tangu Alhamisi mate yanamtoka kama uzi, hataki kula, na leo nimeona malengelenge katikati ya kwato. Ananyanyua mguu huu, anautua, ananyanyua ule. Kibali usinipe. Njoo. Ila usianzie kwangu, anzia kwa Bibi Trendafila. Jumamosi iliyopita, ile ya Wafu, alipokwenda makaburini kwa mumewe, niliruka ukuta na ngozi zangu, nikacheza katikati ya kondoo wake ili wao wawe wa kwanza kulindwa. Hajui. Asubuhi hii nimemwona mmoja anachechemea, na Bibi ananiambia huyo kakanyaga jiwe tu. Ngozi nimezichoma. Sitoki hapa, barua hii ofisa wako ataichukua langoni, avae glavu. Bibi nitamwambia mwenyewe, juu ya ukuta, leo hii, kabla hujafika.

Na ile bahati niliyojisifia ni uongo. Sina. Ng'ombe wangu anaumwa, na aliyemletea ni mimi.