Habari za Mbegu Sita za Zukini na Ushindi wa Mama Pasi

Njooni, enyi mlio karibu na enyi mlio mbali! Wekeni chini mafagio na miiko, zimeni redio, mnyamazisheni na yule anayekohoa kwa makusudi, mtege masikio, nami niwasimulie vita vilivyopiganwa dirishani mwa jiko letu, vikadumu siku ishirini na moja, na ndani yake yakamwagwa maji mengi kuliko ilivyopaswa. Namwomba Mwenyezi Mungu, Mwenye kuamuru jua na kivuli, aunyooshe ulimi wangu niseme kweli, hata pale ambapo kweli itaniumbua mimi mwenyewe. Maana nilikuwepo, na mikono yangu haikuwa safi.

Shujaa wa habari hizi ni mke wangu. Watu humwita Mama Pasi, kwa kuwa miaka kumi na saba amesimama katika duka la dobi, yeye na pasi yake, akizikabili kola ngumu za mahakimu na suruali za mabwana harusi, wala hakuna kunjo lililowahi kukutana naye likabaki na kiburi chake. Mpinzani wake alikuwa dada yangu, ambaye nyumbani tunamwita Dada Mkubwa, mpeleka vifurushi, mpanda pikipiki asiyetetereka katika matope ya mji mzima ila matope ya nyumbani kwake tu. Pikipiki yake aliiegesha nyuma ya jiko, kando ya kishamba cha marehemu mama yetu, na kila baada ya mvua mguu wa kuegeshea wa kile chuma ulizama udongoni, kikalala ubavu kama ng'ombe aliyechoka.

Kishamba chenyewe kilikuwa hatua nne kwa mbili. Mama alikilima mpaka mwaka wake wa mwisho duniani. Tangu alipotutoka, miaka minne, hakuna aliyekigusa, na Mzee wetu, baba, hata mlango wa nyuma hakuufungua tena. Basi Jumamosi moja jioni, chuma kilipoanguka na kuvunja kioo chake cha pembeni, Dada Mkubwa alisimama mbele ya meza ya chakula akahutubia taifa.

"Baba, mimi nimechoka. Nimeshaongea na fundi mwashi. Jumamosi ya tatu kuanzia leo anakuja na toroli, saruji na kokoto. Tumwage zege pale nyuma, tumalize."

Mama Pasi akaweka kijiko chini. "Wifi, pale ni pa mama."

"Pa mama pana nini sasa, wifi yangu? Pana magugu na vipande vya kioo changu."

Ndipo shujaa alipoinuka, akaenda kabatini, akarudi na kopo la vifungo la marehemu. Na chini ya vifungo, ndani ya karatasi iliyokunjwa mara nne, zilikuwamo mbegu sita za zukini, lile mumunye dogo la kijani ambalo mama alilipenda kuliko alivyowapenda baadhi yetu. Mbegu bapa, nyeupe, za mwisho alizozihifadhi kwa mkono wake.

Mzee alizipindua kwa ncha ya kidole. "Zina miaka minne hizo. Zimekufa."

"Tusizitangazie msiba kabla hatujazijaribu, baba."

Mzee akafuta midomo, akatoa hukumu, na maneno yake nayaandika kama yalivyotoka. "Ikiota hata moja kabla fundi hajaanza kazi, kishamba kinabaki. Isipoota, zege limwagwe, na mtu asinisumbue tena na habari hiyo."

Dada Mkubwa akacheka mpaka akashika ubavu. "Wifi, kwa nguo nakuvulia kofia. Lakini mimea? Kitunguu kwa wenzako kinaota chenyewe kapuni. Kwako kinaoza kwa woga!"

"Cheka, mama wa chuma. Jumamosi ya tatu si mbali."

Asubuhi yake vita vikaanza. Mama Pasi, kwa busara ya majemadari, aliziteua mbegu nne ziende mstari wa mbele na kuziacha mbili koponi kuwa jeshi la akiba. Akazifukia katika udongo ndani ya kopo la siagi, akaliweka dirishani linapoingia jua, akazinywesha kikombe kimoja cha maji, akaenda zake kazini, na akafanya hivyo kila alfajiri.

Hapa sasa naomba mnivumilie. Siku ya pili, shujaa alipoondoka, niliingia jikoni, nikafunga mlango, nikapiga magoti mbele ya kopo lile. Nilimwomba Mola azinyeshee mbegu zile mvua ya rehema. Nilisema amina, nikafungua macho. Mvua haikuwa imeanza. Kikombe kilikuwa karibu. Ndugu zangu, nilimsaidia Mungu kazi. Nikamsaidia siku ya tatu, na ya nne, na siku zote zilizofuata, kwa unyenyekevu na kwa siri kubwa, nikaona hata moyo wangu umepata amani.

Siku ya kumi na moja, Jumatano, jikoni palinuka kama soksi zilizosahaulika ndani ya ndoo. Mama Pasi alichovya kidole koponi, na kidole hakikukuta udongo. Kilikuta uji. Akazitoa mbegu nne moja baada ya nyingine, zimelainika, zinateleza, zimeaga dunia. Akalipindua kopo. Chini hapakuwa na tundu hata la sindano. Kisha akaita baraza.

"Nani ametia maji humu?"

Mimi nikaanza kuchunguza dari.

"Nauliza kwa upole. Wala sijashika pasi."

"Kikombe kimoja tu, mke wangu," nikasema. "Kila asubuhi. Kwa maombi."

"Kwa maombi!"

Mzee akakohoa. "Mimi nilitia mchana. Kidogo tu. Nilidhani mmezisahau."

Sote tukamgeukia. "Lakini baba, si ulisema zimekufa?"

"Maiti naye huoshwa," akajibu, akatazama ukuta.

Tukasikia mtu anavuta pumzi mlangoni. Alikuwa Dada Mkubwa, kofia yake ya pikipiki kwapani, uso umemshuka.

"Msinitazame hivyo," akasema.

"Wifi, hata wewe?"

"Jioni, nikirudi kazini. Nilitaka nishinde kwa haki. Isije ikasemwa kesho na keshokutwa kwamba niliziua kwa kiu."

Hivyo ndivyo lilivyoangamia jeshi la kwanza. Hakuna panya aliyelivamia, wala ndege, wala baridi. Vikombe vinne kwa siku, juu ya mbegu nne, katika kopo lisilo na tundu: zilizamishwa na watu waliozipenda. Na zilibaki siku kumi, na mbegu mbili.

Mama Pasi hakulia. Kesho yake alisimama kwenye meza yake ya pasi, akachukua shati la mwalimu mmoja, jeupe, la pamba. Kila mpiga pasi anajua sheria ya kazi hii. Nguo ikilowa sana, pasi inalia, nguo inachemka badala ya kunyooka. Ikikauka sana, kunjo linakataa amri. Kwa hiyo unainyunyizia kwa ncha za vidole, unaiviringisha, unaiacha mpaka unyevu uenee wenyewe, kisha unaibana kiganjani: mkono uhisi ubaridi, lakini tone lisianguke. Mama Pasi alilibana shati la mwalimu. Ubaridi ulikuwepo. Tone halikuanguka.

"Kumbe!" akapaza sauti, hata dobi mwenye duka akaja mbio, akidhani shati limeungua.

Mchana huohuo, wakati wa mapumziko, alirudi nyumbani kulichukua jeshi la akiba. Alikata kipande cha pamba nyeupe, akakinyunyizia kwa vidole vitatu, akakiviringisha, akakibana. Alipoona halianguki tone, akazilaza mbegu mbili ndani yake, akakunja, akatia ndani ya mfuko mdogo wa plastiki. Mchana furushi lile lilikaa kazini, kando ya nguo zilizotoka kupigwa pasi, palipo na vuguvugu. Jioni lilikaa juu ya friji yetu, nyuma, inapotoa joto lake. Na juu yake akabandika kile kikaratasi wanachobandika madobi kwenye nguo nyororo, kimeandikwa kwa herufi kubwa: USILOWEKE.

"Kuanzia leo," akatuambia tukiwa tumesimama mstari mmoja kama mateka, "ombeni mpaka magoti yachubuke. Lakini maji, hata tone msitie. Mmenisikia?"

"Tumekusikia," akasema Dada Mkubwa, kwa sauti ya unyenyekevu ambayo sijawahi kuisikia kwake tangu utoto wetu.

Jumapili, siku ya nne tangu lifungwe, tulilifungua furushi kwa pamoja. Mbegu ya kwanza ilikuwa imewafuata wenzake. Ya pili ilikuwa imefungua mdomo, na mdomoni imetoa mzizi mweupe, mfupi kama punje ya mchele. Mzee aliomba miwani yake. Aliinama, akatazama. Alikwenda kunawa mikono, ingawa hakuwa ameshika chochote.

Shujaa akatoboa kikombe cha karatasi kwa msumari, akakijaza udongo mwepesi, akailaza mbegu mzizi ukielekea chini, kina cha pingili moja ya kidole. Kila asubuhi alikinyanyua kikombe: kikiwa kizito alikiacha, kikiwa chepesi alikinyunyizia. Nasi tuliomba. Mimi niliomba nikiwa nimeikalia mikono yangu.

Ikafika Jumamosi ya hukumu. Saa mbili asubuhi toroli lilisikika likilia njiani, fundi mwashi akaingia na mifuko yake ya saruji, mtu mpana, mpole, asiyejua kwamba amekuja kuangamiza nchi. Na kikombeni, alfajiri hiyohiyo, ulikuwa umetokeza upinde mweupe, umejikunja, ncha zote mbili zimezama udongoni.

"Imeota!" akasema Mama Pasi.

Dada Mkubwa akainama. "Wifi, hiyo ni kamba ya kiatu."

"Ni shingo. Kichwa bado kiko chini."

"Baba, hukumu ni hukumu. Kuota ni kutoka nje. Huyu ametoka?"

Mzee akakitazama kikombe, akamtazama binti yake, akamtazama mwashi. "Fundi, unakunywa chai?"

"Nakunywa, mzee."

"Basi hujaanza kazi. Keti."

Mwashi akaketi. Akanywa kikombe cha kwanza, na cha pili, na mkate akamaliza. Upinde ukasogea kadiri ya unene wa ukucha. Akanywa cha tatu, cha nne. Kufika saa tano shingo ilinyooka na kichwa kikatoka, lakini ganda la mbegu limekibana juu kama kofia ya chuma, majani yamefungwa ndani, mmea mzima unatetemeka kwa uzito wake.

"Mzee," akasema mwashi, "tumbo nalo lina mipaka. Nianze, au nisianze?"

"Ngoja nimvue kofia," akasema Dada Mkubwa, mkono umeshanyooka.

"Usiguse, wifi! Utang'oa na majani!"

Mama Pasi akachovya ncha ya kidole katika maji, akaliacha tone moja juu ya ganda, kama anavyofanya kwa kola iliyokauka ikawa ngumu, akasubiri. Ganda likalegea. Likateleza upande, likaanguka. Na majani mawili, manene, ya kijani, yakaachana polepole kama viganja vya mtu anayemaliza dua.

"Imeota!" akapiga kelele Dada Mkubwa, akimkumbatia mke wangu na kofia yake kwapani. "Wifi, imeota! Fundi, umeona? Imeota hii!" Kisha akakumbuka yuko upande gani. "Sasa pikipiki yangu je?"

Mwashi akajipangusa mdomo. "Dada, mguu wa pikipiki hauhitaji uwanja wa mpira. Nitakumwagia kipande ukubwa wa sahani, pale ukutani. Hakitazama hata ukipakia tembo."

Ikawa hivyo. Vita vikaisha bila mfungwa, ila kile kikaratasi cha USILOWEKE, ambacho mke wangu alikitoa juu ya friji akakibandika kwenye kikombe changu, na kipo mpaka leo.

Lakini jambo kubwa lilikuwa bado. Mzee aliondoka mezani, akashika kitasa cha mlango wa nyuma, akausukuma kwa bega mpaka ukafunguka. Tukamfuata hadi kizingitini. Alikuwa amechuchumaa kishambani, anang'oa magugu, huku toroli la mwashi likipita nyuma yake na sahani yake moja ya zege.

"Mama yenu alikuwa anazipanda umbali gani, moja na nyingine?" akauliza bila kugeuka.

"Hatua moja, baba," akajibu Mama Pasi, kikombe mikononi.

"Nasi tunayo moja tu."

"Basi ikipata nguvu, tuipe kishamba chote."

Sikieni basi, na muwasimulie watakaozaliwa: hivyo ndivyo mmea mmoja, wenye majani mawili, ulivyotawazwa juu ya nchi yote, hatua nne kwa mbili, na mkono uliouleta ulikuwa wa mpiga pasi.