Kazi Namba Kumi na Saba

Jumatatu, 3 Machi

Siku njema kupita kiasi! Mkuu wa Taaluma ametangaza kikaoni kwamba chuo kitapima stadi za jumla katika masomo yote: kuandika, kufikiri, kutumia takwimu. Anataka kujua kama kijana anayemaliza hapa, awe wa kemia au wa historia, anaweza kukaa chini akaeleza jambo na watu wakamwelewa. Somo litakaloongoza kwa kuandika, mwalimu wake ndiye atakuwa Mratibu wa Upimaji, na atahamia chumba cha ghorofani. Chenye dirisha!

Mimi nafundisha Mawasiliano. Nani mwingine aongoze? Tena kwa sasa ndimi Kaimu Mratibu. Ofisi yangu iko chini ya ngazi, na nimeigawana na ndoo mbili na mifagio ya mhudumu wa usafi kwa miaka sita. Nimeshapanda ghorofani kupima pazia kwa macho.

Mwalimu wa Kemia aliuliza maswali matatu na kuandika majibu yote. Tunamwita Mizani, kwa sababu hata chumvi ya kwenye yai huipima mara mbili. Sina wasiwasi naye. Mtu wa chupa na moshi, ataniweza wapi kwa kalamu?

Jumatano, 5 Machi

Wanafunzi wa masomo yote wamepewa swali moja: je, maktaba ifunguliwe Jumapili? Waeleze kwa ukurasa mmoja, wakitumia jedwali la idadi ya wasomaji. Kila mwalimu anaokota kazi tano akiwa amefumba macho. Majina yanaondolewa, zinapewa namba, kisha kila kazi inasomwa na walimu wawili wa masomo mengine. Alama ni moja hadi nne. Anayetoa namba ni Kaimu, yaani mimi.

Nimefumba macho, nimeokota. Nne ziko sawa. Ya tano, balaa! Ni ya yule binti wa safu ya nyuma tunayemwita Kimya. Sentensi sita. Sita! Anasema maktaba ifunguliwe saa nane hadi saa kumi na mbili jioni, kwa sababu Jumamosi wasomaji wa asubuhi ni tisa na wa mchana ni mia na arobaini. Basi. Hakuna utangulizi, hakuna hitimisho. Mwanadamu hajatajwa hata mara moja.

Nimeona dirisha langu likifungwa. Nimekunywa maji. Ndipo wazo likaja. Kazi hazina majina. Namba natoa mimi. Nani atajua?

Alhamisi, 6 Machi

Nimeandika mwenyewe, mezani nyumbani, kwa mwandiko wa kulalia kushoto. Inaanza hivi: "Tangu mwanadamu alipoumbwa, amekuwa na kiu ya maarifa." Nilijisomea nikasisimka. Kurasa nne. Waliomba mmoja, lakini nani aliyewahi kukasirikia nyongeza?

Mama mkwe, ambaye alifundisha shule ya msingi miaka thelathini na sasa tunakaa naye, alinikuta nimeinama nimetoa ulimi. Aliniuliza kama nimepewa adhabu.

Kazi yangu ni namba kumi na saba. Ile ya Kimya iko kwenye mkoba wangu. Maskini, nimemsitiri.

Ijumaa, 7 Machi

Siku ya kusahihisha, chumba cha mikutano. Namba kumi na saba imeangukia kwa Mizani na mwalimu wa Historia. Nimejitolea kumimina chai ili nipite nyuma yao. Nimepita mara tano. Mwalimu wa Historia alikuwa ameziba uso kwa leso, mabega yakimtikisika. Amelia, mtu mzima yule! Nimemwongezea sukari.

Jumatatu, 10 Machi

Alikuwa anacheka.

Moja! Namba kumi na saba imepata moja kutoka kwa wote wawili. Mizani ameandika pembeni: "Nimesoma kurasa nne mara mbili. Sijajua kama maktaba ifunguliwe au ifungwe. Nadhani hata mwandishi hajui." Nimekaa na sentensi hiyo tangu asubuhi na bado inauma.

Kazi zangu nyingine nne zimepata tatu tatu. Wastani wa Mawasiliano, mbili nukta sita. Kemia, tatu kamili. Kemia!

Si hayo tu. Kamati imeamua namba kumi na saba idurufiwe, igawiwe kwa walimu wote kama mfano wa daraja la chini kabisa. Na mwandishi atafutwe, asaidiwe kabla hajaingia mtaani na kuaibisha chuo. Wa kumtafuta ni Kaimu Mratibu. Nilisimama kumtetea, nikasema huenda ana kina ambacho si kila mtu anakifikia. Mkuu alisema ameguswa na huruma yangu.

Jumanne, 11 Machi

Kimya amekuja ofisini kuuliza alama yake, na Mizani amefuatana naye. Kumbe siku ya kuokota wanafunzi waliambiwa kazi za nani zimeokotwa, na yake haionekani kwenye orodha ya alama. Nilianza kueleza kwamba karatasi hupotea, hata vyuo vikubwa hupoteza. Mkoba ulikuwa wazi juu ya ndoo. Karatasi ilikuwa imechomoza, jina lake juu.

Mizani aliichukua, akaisoma kwa kusimama. Akairudia, bila shaka. Akaipeleka kwa mwalimu wa Historia. Nne. Wote wawili, nne!

Binti alipoondoka, Mizani alipiga hesabu nyuma ya bahasha yangu. Ikihesabiwa kazi ya Kimya badala ya namba kumi na saba, Mawasiliano inapata tatu nukta mbili. Inaipita Kemia. Alisema yeye mwenyewe ataunga mkono nipewe chumba, maana haki ni haki. Ila nisimame kesho kutwa mbele ya walimu nieleze namba kumi na saba ni kazi ya nani na iliingiaje.

Sentensi moja tu, kisha dirisha. Nimefanya mazoezi mbele ya kioo. "Ni yangu." Silabi tatu tu! Kioo kimeniangalia vibaya.

Alhamisi, 13 Machi

Asubuhi niliamka nimeamua. Mama mkwe alikuwa sebuleni na nakala ya namba kumi na saba aliyoichomoa kwenye mafaili yangu, tayari imejaa wino mwekundu. Aliniuliza ni mtoto wa nani huyu. Akasema mtoto si mjinga, anaona raha tu kujisikia akiongea, na tangu zamani hajapata mtu wa kumwambia ukweli. Nilikunywa chai bila kumwangalia.

Kikaoni, walimu arobaini, nakala arobaini. Mwalimu wa Historia aliusoma ukurasa wa kwanza kwa sauti ya mahubiri. Alipofika "mwanadamu" mara ya kumi na moja, watu walikuwa wanagonga meza. Mkuu wa Taaluma alivua miwani akafuta macho. Kisha akanipa nafasi.

Nilisimama. Nilikohoa. Nililiona dirisha, na pazia, na mwanga kwenye meza yangu. Halafu nikaziona zile nyuso arobaini.

Nikasema mwanafunzi huyo amehama na hakuacha anwani.

Chumba amepewa Mizani. Mlangoni alinishika mkono akautazama wino kwenye vidole vyangu. Akasema, taratibu, kwamba Jumanne saa kumi ataanza darasa la ziada la kuandika. Kama mwanafunzi wangu aliyehama anaona haya, nije mimi nimwandikie. Sijui alikuwa na maana gani.

Jumanne, 18 Machi

Nimekwenda, kwa ajili ya mwanafunzi tu. Darasa liko kwenye chumba cha ghorofani. Nimekaa dirishani! Upepo mwanana. Kimya ndiye msaidizi. Alinikalisha, akanipa karatasi moja na swali lilelile la maktaba, akasema nianze na jibu. Nilimwuliza mwanadamu nimweke wapi. Alisema nimwache nje, atasubiri.

Niliteseka kwa saa nzima. Nimetoa sentensi saba. Mizani alizisoma mara mbili, akaandika mbili juu yake, akatabasamu. Furaha iliyonipata, sijui niieleze vipi. Nilitaka kumkumbatia mtu, mtu hakuwepo, nikakumbatia mkoba.

Nikiwa njiani kurudi nyumbani nilipiga hesabu. Kutoka moja hadi mbili! Hilo ni ongezeko la asilimia mia! Kuna somo lingine lolote chuoni lililokua kwa asilimia mia ndani ya wiki moja? Chumba ni changu kwa haki kabisa, na Mkuu wa Taaluma lazima aelezwe mara moja. Barua nimeshaianza. Niko ukurasa wa nne na inakwenda vizuri sana. Inaanza hivi: "Tangu mwanadamu alipoumbwa, amekuwa na kiu ya dirisha."