Mashitaka ya Mkono wa Kuume Uliotiwa Kazi ya Wanawake

Kindu, mwezi wa Rajabu 1303

Kwa Mzee wetu Mbaraka bin Amuri, mwamuzi wa mji,

Salamu zangu zikufikie, Mzee, na heshima zikizifuata. Mimi Bulaimu bin Hamadi, muuza nguo, namshitaki kwako Mama Mwavita, muunga mifupa. Unajua nilivyoumia: kwa mkono wa kushoto nimeinua kanzu isilowe, kwa wa kuume nimeshika ukingo wa mtumbwi, na mtumbwi wa pili ukaja ubavuni. Kanzu ilisalimika. Vidole havikusalimika.

1. Kula. Mkono wa kushoto hauingii katika sinia ya watu, hilo nalikubali. Lakini sasa nimekosa nafasi yangu barazani, nalishwa ndani na mke wangu Hawa, naye hunilisha huku akinipa habari za mama yake. Siwezi kuondoka, kwa kuwa tonge liko kwake.

2. Kilemba anakifunga Hawa pia. Kinakaa kama mzigo wa chumvi.

3. Hapa ndipo naomba haki. Mama Mwavita alipofungua vijiti alivyonifungia mkononi, vidole vilikuwa vikavu kama kuni. Nilitarajia kombe la kunywa, maandishi ya Kurani yaliyooshwa kwa maji, au mafuta. Akaniletea majani, akaniamuru kusuka ukili wa mkeka. Nilipomkumbusha kwamba hiyo ni kazi ya wanawake, alijibu: "Mukono haijui mwanaume wala mwanamuke. Suka, baba." Basi nashinda uani kati ya wake za watu, na rafiki yangu Hamisi hupita makusudi akikohoa.

4. Dawa inafanya kazi. Juzi nilishika tonge mwenyewe, likafika kinywani, nikalia kwa furaha. Hili laniudhi kuliko yote, maana ni vigumu kumshitaki mganga anayekuponya.

5. Wanaume wakisuka leo, kesho watatwanga mpunga, keshokutwa wanawake watakaa barazani kuhukumu, na wewe Mzee utakuwa jikoni ukipuliza moto. Nakuonea huruma mapema.

Kwa hiyo naomba Mama Mwavita akatazwe kumpa mwanaume yeyote ukili. Atupe kazi za kiume, kama kucheza bao.

Nisalimie nyumba nzima, wakubwa kwa wadogo, hata wale wanaonicheka.

Ni mimi mtiifu wako niliyeonewa,
Bulaimu bin Hamadi

Nyongeza: Nasikia Hamisi ameteleza, kifundo cha mkono kimevimba. Tafadhali, asipelekwe kwa Mama Mwavita. Mkeka wangu wa kwanza unagombewa na wanunuzi hata kabla sijaushona, na mafundi tuliopo mji huu tunatosha.