Mjusi wa Mkurugenzi

Wananchi wapendwa, Idara ya Majina ya Viumbe ina furaha kuwatangazia kwamba mjusi kafiri, yule wa ukutani mnayemdharau kila siku, sasa ana nususpishi mpya. Nususpishi, kwa wasiobahatika kusoma, ni tawi ndani ya spishi: wanyama wa aina ile ile, ila wana alama yao ya pekee. Tawi hili limepewa jina la Mkurugenzi wetu. Alama yake ni kutokuwa na mkia.

Kielelezo kilipatikana katika chumba cha fundi cherehani aliyepakana na ofisi, chumba ambacho Mkurugenzi amekitamani siku nyingi kwa ajili ya kuegesha gari lake. Mimi, Katibu wa Kamati ya Idara, nilishuhudia. Mkurugenzi alibamiza mlango, mjusi alikuwa anapita, sayansi ikasonga mbele.

"Lakini bosi, mkia wake si huo hapo chini unachezacheza?" fundi aliuliza.

"Mama, usiingilie utaalamu," nilimwambia.

Kanuni iko wazi: nususpishi adimu ikionekana ndani ya jengo, binadamu hutoka siku hiyo hiyo. Fundi akatolewa yeye na cherehani yake. Akawa anashonea nje, jua linamchoma, vumbi linaingia kwenye vitambaa, wateja wanamkimbia. Nilimwonea huruma kweli, ila huruma haimo katika kifungu chochote.

Wiki iliyofuata mke wa Mkurugenzi alimwita fundi nyumbani kwao kupima mapazia. Mjusi akadondoka dirishani. Mama mwenye nyumba akapiga yowe, akampiga kwa fagio. Mkia huku, mjusi kule. Fundi alikunja futi yake, akaja moja kwa moja ofisini kutoa taarifa kama raia mwema.

Kamati ikafika na kufuli. Mkurugenzi akatoka amejifunga taulo.

"Mna wazimu? Huyo kakatika mkia tu! Mjusi yeyote ukimpiga anakatika mkia!"

"Na yule wa kwangu, bosi?" fundi akauliza.

Mkurugenzi akakaza taulo lake.

"Baba watoto, si umjibu mwenzio," mkewe akasema.

Akajibu. Fundi amerudi chumbani kwake.

Jina, hata hivyo, likishatangazwa halifutwi. Hurekebishwa maelezo tu. Nimeyaandika mwenyewe, kwa uaminifu mkubwa, chini ya picha ya Mkurugenzi pale mapokezi: "Baada ya uchunguzi wa kina, imethibitika kwamba hana lolote la kumtofautisha na wengine."