Hodi Kichwani kwa Sabina

Gari la Kitengo lilikuwa limeshaiacha Mkuyuni linaelekea Kirumba, kiti cha usomaji kimefungwa kamba nyuma kama ng'ombe wa mahari, na kipaza sauti kinawatangazia wananchi kwamba kuanzia mwezi huu hakuna mtu atakayepata tabu ya kusema ukweli. Kitengo cha Usomaji wa Fikra, Kanda ya Ziwa, kitamsaidia kuutoa.

Mimi nilikaa mbele kwa sababu ya cheo. Ni Mshauri wa Mila. Shule niliisoma vipande vipande, darasa la tatu Sengerema, la nne Magu, la tano lilinikuta njiani, lakini nimetembea sana, na Mkuu wetu, Bwana Kashindye, alisema kutembea nako ni shahada, ilimradi mtu asije akadai joho.

Wapo waliolalamika kwamba kumsoma mtu fikra bila ridhaa ni unyanyasaji. Kitengo kilisikitika sana, kikaunda Kamati ya Maadili, na kamati ilikuwa mimi. Nikajiuliza: mwizi na mgeni wana tofauti gani, nao wote wanaingia nyumbani kwako? Tofauti ni hodi. Ikaandikwa basi kwenye Mwongozo kwamba Msomaji atabisha hodi kwanza na hataingia bila kukaribishwa. Malalamiko yakaisha, na kazi haikukwama hata kidogo, maana mtu wa huku hata umkute na msiba atakujibu karibu kabla hajajua wewe ni nani. Mdomo unajibu wenyewe. Akishajibu, tunaandika: ameridhia.

Msomaji wetu aliitwa Odeta, binti wa Ukerewe, aliyezaliwa na kipaji hicho kama wengine wanavyozaliwa na sauti ya kwaya. Alilelewa na bibi mkali. Asipokaribishwa havuki kizingiti cha mtu. Akikaribishwa anaingia, na anasema kwa sauti kila akionacho mpaka amalize. Mwongozo unakataza kumkatiza.

Siku hiyo tulikuwa tunatafuta mashine ya boti ya Kitengo, iliyopotea. Mlinzi wake, Yeremia, alikuwa amejificha, na kwa utaratibu wetu mtu anayejificha ndiye mwizi, vinginevyo angekuja akamatwe. Dada yake, Sabina, anauza dagaa pale soko la Mwaloni, Kirumba, naye alijua alipo. Kichwa chake kikifunguka tu, Yeremia angelala ndani siku hiyohiyo. Hukumu ilikuwa imeshachapwa.

Tulimkuta anageuza dagaa juani.

"Shikamoo, mzee," akaniamkia mimi. Mkuu yeye alipitwa kwa macho kama gunia.

"Marahaba, mayu," nikamwita mama kwa Kisukuma. "Tumekuja kukusaidia."

"Nimewasikia tangu kule barabarani. Kwani nimesema naumwa?"

Mkuu akaingilia. "Mama, Yeremia yuko wapi?"

"Yupo."

"Yupo wapi?"

"Si mmekuja na kiti? Kiulizeni."

Wanawake wa dagaa wakacheka. Mkuu akaamuru aketishwe, na askari wawili wakamsaidia kukaa kwa kumkandamiza mabega. Sabina akajipangusa magamba mikononi.

"Yule nimembeba mgongoni," akasema, sasa bila utani. "Mkitaka kumla, msinifanye mimi sahani."

Kipaza sauti kikasogezwa ili wananchi wanufaike. Odeta akafumba macho.

"Hodi."

Sabina akaendelea kujipangusa magamba.

Niliona aibu, mtu mzima kubishiwa hodi mbele ya watu asiitike. "Mayu," nikamnong'oneza, "una mgeni."

"Namsikia, mzee. Mwenye nyumba katoka."

"Hodi," Odeta akarudia. Nyuma yetu mama mmoja akafungua mdomo, jirani yake akauziba kwa kanga. Soko zima likashika midomo, maana kuitikia hodi ni kama chafya, kuizuia ni kazi. Mkuu hakuona. Alikuwa ameinamia simu yake, anaandika ujumbe huku anatabasamu.

"Hodi," mara ya tatu.

"Karibu," akasema Mkuu, bila kuinua macho.

Odeta akageuka taratibu upande wake, macho bado kayafumba. "Asante," akasema, akaingia.

"Naona nyumba Kigongo, bati jipya. Ya Rose, huyo anayeandikiwa ujumbe. Chini ya kitanda kuna mashine ya boti, imefunikwa kwa bendera ya Kitengo."

"Odeta," akasema Mkuu.

"Naona Yeremia anamwona Mkuu akiipakia garini. Anaambiwa akifungua mdomo ataozea gerezani. Naona bosi wa Dodoma, humu anaitwa kiboko aliyevaa tai."

"Toka," Mkuu akasema. "Toka humo."

"Mgeni hafukuzwi, Mkuu," Sabina akamwambia kutoka kwenye kiti. "Mpe hata maji."

Nikalazimika kumkumbusha Mkuu kwamba Mwongozo unakataza kukatiza, na kwamba ameridhia. Odeta aliendelea kwa kipaza sauti hadi dagaa wakakauka.

Mahakamani wakili wa Bwana Kashindye alilia kwamba kichwa cha mtu ni nyumba yake, na kuingia humo kwa hila ni unyama. Hakimu aliguswa sana. Usomaji wa fikra ukapigwa marufuku nchi nzima, na ushahidi wa Odeta ukatupwa. Ndivyo Bwana Kashindye alivyotuletea haki hiyo, na tunamshukuru. Yupo gerezani. Mashine ilipatikana bila kusoma fikra za mtu: polisi walibisha hodi kwa Rose, akajibu karibu.

Rose alihama Kigongo na bati lake. Odeta anaimba kwaya Nansio, sauti ya pili. Kiti kipo kwa kinyozi wa Kirumba, kinazunguka vizuri. Kamati ya Maadili ilivunjwa nikiwa ndani yake, nami nikaelekea Bukoba.

Yeremia alijitokeza mwenyewe, akarudi kwenye ulinzi. Alikuwa amejificha wapi, Sabina hajasema hadi leo. Nilipopita Mwaloni nikamwuliza, akanifungia dagaa.